Ila

Raili Ukkola alipoletwa kliniki kwetu, Kemi,
tulimpa chumba cha kuwekea midoli.
Tukatoa mapipa ya matofali ya plastiki na punda asiye na mkia,
tukaingiza meza, simu, na kalenda ya ukutani iliyomzidi kimo.
Kibao mlangoni: Mratibu wa Matunzo.
Nikasema kimoyomoyo: mshahara mzima
kwa mtu asiyefundisha hata silabi moja.

Mimi nafundisha sauti.
Chumba changu kina kioo kipana, kiti kifupi,
na Silas nilikaa naye hapo miezi minane.
Ana miaka minne, soksi zake hazifanani,
na jina lake analitaja hivi: Ila.
"Sss," namwambia, "kama tairi inayotoa pumzi.
Kama sufuria ya viazi, maji yakimwagikia jiko."
Ananitazama midomo kwa adabu ya mgeni
aliyepakuliwa chakula asichokijua,
kisha anapuliza, hewa tupu.

Niliandika: mazoezi ya nyumbani hayafanyiki.
Niliandika: vipindi vitatu, hakuja.
Niliandika: mama haonyeshi ushirikiano.
Wino haukuniishia.

Raili alianza na simu.
Mchana, kimya. Kesho yake mchana, kimya.
Akarudi ofisini saa tatu usiku, koti limejaa theluji,
akampata Henriikka akifunga kamba za buti
kwenda kusafisha wodi.
Hakumuuliza mbona huji.
Aliuliza, "Wiki yako hukaaje?"
akanyamaza, jibu lije kwa miguu yake.

Likaja. Basi la asubuhi lilifutwa tangu Oktoba.
Zamu humwachia saa moja, kipindi changu ni saa tatu,
na katikati kuna mtoto wa kuvishwa, kilomita sita, na usingizi
uliokwisha kumwangusha mara moja jikoni.
Na barua za hospitali? Barua gani?
Zilikwenda nyumba ya zamani, tatu,
kwa mwanamume ambaye hafungui hata za kwake.

Raili akaja mlangoni kwangu na kikombe cha kahawa, hakukaa.
"Huyu mtoto," akasema, "hajapimwa masikio."

Kioo kilikuwa mbele yangu, nikajiona.
Miezi minane nimemfundisha s
mtu ambaye s haikupata kumfikia.

Yaliyofuata hayana ushairi. Fomu. Kusubiri kwenye laini
huku kinanda kilekile kikirudia.
Bima ilikataa teksi; Raili akaandika tena, ikakubali;
teksi ya kwanza ikaenda mtaa mwingine.
Kipindi kikahamia Jumatano alasiri, mama akishalala.
Mwalimu wa chekechea akapewa picha zilezile ninazotumia mimi,
na daktari akatumiwa habari yote kabla,
ili Henriikka asianze upya kila mlango
kama mtu anayeomba.

Machi wakamtoa maji mazito nyuma ya ngoma za masikio,
wakamwachia vimirija viwili, kila kimoja punje ya shayiri.
Jumatano iliyofuata bahari ilikuwa bado barafu.
Silas aliingia, akashika zipu ya koti
ili avue, akaishusha,
akasimama.
Akaipandisha. Akaishusha.
Kipindi ni dakika arobaini na tano;
ishirini zilikwenda kwa zipu, sikumkatiza.
Mama yake kwenye kiti cha pembeni alikuwa amefumba macho,
sidhani alikuwa amelala.
Upande wa pili wa ukuta simu ya Raili iliita.
Silas akageuza kichwa kabla yangu.

Bado anasema Ila. Tutafika, au tutachelewa.
Usiku ule nilifungua faili lake nifute yale niliyoandika.
Mfumo hauruhusu kufuta, unaruhusu kuongeza tu.
Nikaongeza mstari mmoja:
mtoto hana ila. Ila ilikuwa yetu.